Nywele za mbele hazijikunji tena: zimezoea moto au zimeungua?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, naishi Tanga mjini, nakaa kaunta kwenye duka la jumla. Niliacha kuweka dawa miaka mitatu iliyopita. Nilikata zote zilizokuwa na dawa, nikabaki na kichwa kama cha mtoto wa darasa la kwanza, nikavumilia vicheko, nikaanza upya. Nywele zangu ni kipilipili chenyewe, nzito. Ukivuta unywele mmoja unafika begani. Ukiuachia unarudi juu ya sikio. Siku ya kuosha naanza saa mbili asubuhi, namaliza adhuhuri, mkono umekufa ganzi na kitana kimeng'oka meno.

Mwezi wa tano nilichumbiwa. Sendofu ni miezi minne kuanzia sasa. Msusi wangu, ambaye ni mtu mwema na tumezoeana, aliniambia nisihangaike na dawa tena, yeye ana njia. Niende kila Jumamosi anipige pasi, na baada ya wiki kadhaa nywele zitazoea. Alisema nywele ni kama mtoto, ukizifundisha zinafuata. Zitalainika, mkunjo utalegea, nikiosha hazitapanda juu tena, na kwa kuwa hakuna kemikali, nitabaki bado na nywele zangu za asili. Nikakubali. Nimeshaenda mara nane, kila mara elfu kumi na tano.

Mara mbili tatu za mwanzo nilifurahi sana, sikufichi. Upepo wa baharini ulikuwa unazipeperusha nami nasimama makusudi. Mama mkwe mtarajiwa aliponiona alishika ncha akasema, "Sasa umekuwa binti wa watu." Kabla ya hapo aliwahi kumwambia wifi yangu kwamba kichwa changu hakijatunzwa, na kwamba asingependa picha za ukoo zitoke vile.

Wiki mbili zilizopita niliosha nyumbani. Za nyuma zilirudi kujikunja, ingawa kwa uvivu. Za mbele, kwenye paji na juu ya masikio, hazikurudi kabisa. Zimelala kama nyasi za kiangazi. Zikilowa zinavutika kama uzi wa mpira, zikikauka zinakatika. Asubuhi naokota vipande kwenye foronya, vingine havizidi urefu wa kucha. Nilimpigia msusi, akasema hiyo ndiyo dalili kwamba zimeanza kuzoea, tukazane. Nilipompelekea vile vipande akavitazama, akanyamaza, kisha akasema basi tuweke keratini ile ya Kibrazili, itarudisha afya na itanyoosha miezi mitatu mpaka shughuli ipite.

Kuna jambo jingine linanitisha. Mama yangu ana upara utosini, mviringo kama kisahani cha kikombe. Yeye alichoma nywele kwa chanuo la moto tangu usichana wake, jikoni, juu ya mkaa. Na mimi tangu mwezi uliopita utosi wangu unawasha na kuchonyota, hasa usiku.

Naomba uniambie ukweli, Shangazi. Zitarudi? Niweke hiyo keratini? Na je, nimekosa kutaka nywele zilizonyooka siku moja ya maisha yangu? Maana marafiki zangu wanaofuga nywele za asili wananiambia nimejikana.

Mchumba wa Tanga

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya uchumba.

Nianze na lile unaloliogopa, usije ukasoma jibu lote roho ikiwa juu. Zile za mbele zilizogoma kujikunja hazitarudi. Utazipaka, utazifukiza, utazifunika usiku kucha, hazitarudi. Lakini zitakazoota kuanzia leo zitakuja na kipilipili chao kilekile, kwa sababu moto uliunguza unywele ulio nje na mzizi uko ndani ya ngozi. Utosi wako ni habari nyingine, na hiyo ndiyo ya haraka kuliko zote. Nitaifikia.

Sasa neno lenyewe, "kuzoea". Nilisuka na kuchoma vichwa vya watu miaka 26 kabla sijakaa kitako kujibu barua, na neno hilo nililitumia mimi mwenyewe, kwa hiyo nalijua ndani na nje. Unywele ukishatoka kwenye ngozi hauna damu wala mshipa. Haukui, haukumbuki, haufundishiki. Hauwezi kuzoea kitu. Kinachoitwa kuzoea ni kuungua kidogo kidogo, kila Jumamosi, mpaka unywele umepoteza nguvu ya kujikunja. Ukiungua sawasawa kichwa kizima, mtu anasema "umelegea vizuri". Ukiungua zaidi mbele kuliko nyuma, kama wewe, ndipo mwenye kichwa anashtuka. Na mbele ndiko huungua zaidi karibu kwa kila mtu, kwa sababu nywele za paji ni nyembamba na ndizo msusi anazirudia rudia ili uso utoke vizuri.

Chukua kanga mbili tatu na kitambaa cha nailoni. Kanga ukiipiga pasi inanyooka. Ukiifua inarudi mikunjo, hakuna kilichoharibika. Nywele zina vifungo vya namna hiyo, vinavyofunguka kwa maji au joto na kujifunga tena zikikauka. Ndivyo rola inavyofanya kazi, ndivyo draya inavyofanya kazi, na ndiyo sababu mtu wa Tanga akitoka saluni na nywele za pasi, kabla hajamaliza kuvuka barabara kumi za Ngamiani zimeshaanza kupanda: unyevu wa hewa umevifungua upya. Msusi hukasirika kazi yake ikirudi hivyo. Mimi naona hiyo ndiyo dalili ya nywele nzima.

Sasa kile kitambaa cha nailoni kipitishie pasi ya moto wa kanga. Kinang'aa, kinakakamaa, na ukikiloweka siku tatu hakirudi kilivyokuwa. Hapo moto umeuharibu uzi wenyewe. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ukivuka joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi protini hiyo hubadilika umbo moja kwa moja. Pasi nyingi za saluni zinafika 230, na nyingi ninazoziona hazina hata namba, zina kitaa chekundu tu. Tena hata chini ya nyuzi 200, kurudia kila wiki unywele uleule ni kujumlisha. Ncha zako zimepigwa moto Jumamosi nane, na kama kila safari pasi ilipita mara nne, hesabu mwenyewe imepita mara ngapi.

Ikiwa unataka kuona kwa macho, fanya hivi jioni moja. Chukua bakuli jeupe lenye maji. Kata unywele mmoja wa kisogoni na mmoja wa mbele, viweke vyote viwili humo, subiri kidogo. Wa kisogoni utajisokota wenyewe mbele ya macho yako, taratibu, kama mkia wa kinyonga. Wa mbele utaelea umenyooka. Sasa utoe, ushike ncha zote mbili uvute kidogo. Unywele mzima huvutika kidogo ukarudi. Ulioungua huvutika, huvutika, kisha hukatika bila hata kutoa sauti. Mwonyeshe na msusi wako, maana sidhani amewahi kuonyeshwa.

Simlaumu yeye peke yake. Kuna binti mmoja simsahau. Alikuja jioni, alikuwa na safari ya alfajiri, nikaharakisha draya. Juu nywele zilikuwa kavu, chini karibu na ngozi bado zina maji. Nilipobana pasi ikalia chwaa, kama kitunguu kinapotiwa kwenye mafuta, na mvuke ukanipanda usoni. Akauliza kuna nini. Nikamwambia ni mafuta yanayeyuka. Haikuwa kweli, nami nilijua. Sauti ile ni maji yaliyo ndani ya unywele yanachemka ghafla yakitafuta pa kutokea, na yasipopata yanaacha viputo ndani kwa ndani. Ukiutazama unywele wa namna hiyo kwa hadubini una matundu kama mkate wa kumimina. Wiki tatu baadaye alirudi, nywele za mbele zimekatika usawa mmoja kama zimepitiwa na mkasi, nikamwambia, "Zitazoea." Neno lilelile uliloambiwa wewe. Hakurudi tena, na sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Tulifundishana kazi kwa kuangaliana, aliyeshika draya mwaka huu mwakani anashika pasi, na hapakuwa na mtu wa kutueleza kinachotokea ndani ya unywele. Hiyo ni sababu. Haimrudishii yule binti nywele zake.

Twende kwenye utosi. Usisubiri sendofu ipite.

Mwaka 1968 madaktari watatu wa Marekani waliandika kuhusu wanawake weusi waliokuwa wakipata upara unaoanzia utosini na kutambaa kwenda pembeni, mviringo, kama unavyoueleza wa mama. Wakaupa jina la upara wa chanuo la moto, wakidhani mafuta yaliyopata moto yanatiririka hadi kwenye vishimo vya nywele na kuviunguza. Baadaye madaktari wengine waliona wanawake wenye upara uleule ambao hawajawahi kuguswa na chanuo la moto, basi jina likabadilishwa, na mwaka 2019 ikabainika kwamba baadhi yao wana kasoro kwenye jeni iitwayo PADI3. Kwa hiyo mama yako asijilaumu kwamba alijiunguza kwa mikono yake mwenyewe. Inawezekana mwili wake ulikuwa na mwelekeo huo tangu mwanzo, na moto au misuko ya kubana ikaongezea. Na ikiwa mwelekeo huo upo kwa mama, unaweza kuwepo kwako. Kuwasha na kuchonyota utosini mara nyingi ndiyo dalili za mwanzo. Ubaya wa upara huu ni kwamba huacha kovu: kishimo cha unywele hujifunga, ngozi ikawa laini yenye kung'aa, na hapo hakuna mafuta wala dawa inayorudisha. Ukishikwa mapema, daktari anaweza kuuzuia usiendelee. Inawezekana pia ni mba tu au umebabuka na joto. Mimi siwezi kujua nikiwa nimekaa huku. Nenda hospitali ya Bombo wiki hii, omba kuonwa na daktari wa ngozi au kupewa rufaa. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa ukanda wetu mzima. Nenda na mama. Macho ya daktari yaone vichwa vyote viwili siku moja.

Na mpaka hapo, utosi usiguswe na moto wala kitu cha kubana.

Keratini: hapana. Jina lake linadanganya watu, linaonekana kama unarudishiwa kile kilichoungua. Protini iliyoungua haishonwi. Katika dawa nyingi za namna hiyo kinachonyoosha ni fomaldihaidi, ile ile ambayo ikiwa kwenye maji tunaiita fomalini na hutumika kuhifadhia maiti. Inapakwa, kisha inabanwa kwa pasi ya nyuzi 230 au karibu yake ili ishike, na mvuke wake ndio ule unaowafanya mteja na msusi kutokwa machozi. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitangaza fomaldihaidi tangu mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Wakati mwingine jina halimo chupani, utakuta formalin au methylene glycol, na ni ukoo huohuo. Msusi wako anaivuta hewa hiyo kutwa nzima, mteja baada ya mteja. Mwambie na hilo, kwa upendo. Na wewe ambaye tatizo lako ni moto, unapelekwa kutibiwa kwa moto mkali zaidi.

Wala usikimbilie dawa ya kawaida kwa sababu ya haraka ya sendofu. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliokuwa wamefuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11 walitoa matokeo kuhusu dawa za kunyoosha nywele. Kwa wasiotumia, walikadiria kwamba asilimia 1.64 hupata saratani ya mji wa mimba wafikapo miaka 70. Kwa wanaotumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, ni asilimia 4.05. Bado ni wachache katika mia, na sikutishi kwa ile miaka uliyokwisha kuitumia. Ila umeshaacha, usirudi.

Sasa nikuulize kitu. Kilichokupeleka kwenye pasi kwanza ni nini? Umeandika mwenyewe, pengine bila kuona uzito wake: kuosha kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri, mkono umekufa ganzi. Mwanangu, hakuna aliyekufundisha nywele zako. Wengi wetu shuleni tulinyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Siku unamaliza mtihani wa mwisho ndiyo siku unaanza kufuga, una miaka 17 au 18, hujawahi kushika kitana, na mwezi wa pili tu mtu amekushika mkono kukupeleka kuweka dawa. Mtoto wa kike anafika utu uzima anajua kupika pilau ya watu mia na hajui kuchana kichwa chake mwenyewe. Mimi jambo hili huniuma kuliko habari zote za pasi.

Kwa hiyo jifunze kuosha kwanza. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, paka mafuta ya nazi kwenye nywele zenyewe, kutoka katikati hadi ncha. Tanga hukosi nazi. Watafiti wa India mwaka 2003 walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakaona ni ya nazi peke yake yaliyopenya na kupunguza protini inayotoka kwenye nywele wakati wa kuosha. Bibi zetu walishafika hapo zamani. Asubuhi gawa kichwa mafungu manane, kila fungu lisokote lenyewe, na usifungue mawili kwa pamoja. Osha yakiwa yamesokotwa. Kisha fungua moja, tia kondishena mpaka liteleze, anza na vidole, tafuta fundo ulitenganishe kama unayechambua uzi wa ukindu. Kitana chenye meno mapana kije baadaye, kianzie ncha, kipande juu kidogo kidogo. Ukianzia mzizini unasukuma mafundo yote yarundikane chini, ndipo meno ya kitana yanapong'oka na nywele nayo. Fungu likimaliza lisokote tena, nenda la pili. Mara ya kwanza utatumia saa mbili, ukizoea saa moja na robo. Na hilo, la mikono yako, ndilo kuzoea kwa kweli.

Yai na mayonezi achana nazo, ni chakula. Protini yake ni kubwa mno kupenya kwenye unywele, utabaki na harufu tu.

Za mbele zilizoungua usizikate zote kesho kwa hasira. Pale unywele mzima unapokutana na ulioungua ni kama kiungo dhaifu, utakatikia hapo, kwa hiyo punguza sentimita mbili kila baada ya wiki sita au nane, na kati ya hapo zisivutwe. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na za kwetu mara nyingi chini kidogo ya hapo. Mpaka sendofu utakuwa na sentimita tatu mpya mbele. Ili zifike begani tena ni miaka miwili na zaidi. Nakuambia ili mtu asije akakuuzia chupa ya kukuza kwa mwezi.

Umeniuliza kama umekosa kutaka nywele zilizonyooka. Hujakosa kitu. Nywele ni zako, na siku ni yako. Wanaokwambia umejikana wanakusukumia mzigo mwingine juu ya ule wa mama mkwe, na wote wawili hawalali na kichwa chako. Chanuo la moto limebeba maneno mengi tangu siku nyingi. Mpaka leo watu husema lilibuniwa na Madam C.J. Walker, yule mama Mmarekani mweusi aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa. Hakulibuni, maana Ulaya vyuma vya kutia moto vilishakuwepo, na msusi Marcel Grateau wa Paris anasifiwa kwa koleo lake la moto la mwaka 1872. Biashara ya Walker ilianza na ngozi ya kichwa, na maelfu ya wanawake aliowafundisha wakapata kazi ya mikono yao wenyewe. Wengine walimsifu, wengine walimsema kwamba anawafanya watu weusi wachukie nywele zao. Maneno yako wewe na marafiki zako yamesemwa zaidi ya miaka mia, hayataisha kwenye sendofu yako. Ninachokukataza mimi ni kununua uongo, yaani kuambiwa unabaki na nywele za asili huku unaziunguza kila wiki.

Mtu mwenye nywele nzima anayetaka kupiga pasi mara mbili tatu kwa mwaka, apige. Ziwe zimeoshwa vizuri, kwa sababu mafuta ya zamani hukaangwa kichwani. Ziwe kavu kabisa hadi mzizini. Msusi apitishe vidole chini, si juu tu. Zipakwe kinga ya joto yenye silikoni, ambayo hupunguza ukali wa moto ingawa haiuondoi. Fungu dogo, nyuzi 150 hadi 180, pasi ipite mara moja, ikizidi sana mara mbili. Kama pasi haina namba, ibane karatasi nyeupe kwanza uhesabu hadi tano. Ikigeuka rangi ya chai, haifai kuguswa kichwani. Walimu wangu walifanya hivyo na chanuo la mkaa, nasi tulipopata umeme tukaacha. Na likisikika lile chwaa, simama uondoke kitini, hata kama nusu ya kichwa imebaki.

Wewe hata hiyo usifanye mwaka huu. Zako za mbele haziwezi kubeba pasi moja zaidi. Sendofu tutaipata kwa uzi.

Ndiyo, uzi, ule ule wa bibi. Siku tatu kabla ya shughuli, osha, tia kondishena ya kuacha kichwani, subiri zibaki na unyevu kidogo. Gawa mafungu madogo, anza kuzungushia uzi kutoka mzizini kwenda nchani, mizunguko ikaribiane, ila usikaze mzizini. Ukisikia ngozi inavutwa, fungua urudie, na utosini legeza zaidi, au kama daktari amekataza pasisukwe kabisa. Zikauke humo humo siku mbili, usiku kilemba laini. Asubuhi ya sendofu fungua taratibu. Zitakuwa zimenyooka hadi karibu na mabega, zimejaa, zina wimbi kidogo, na zinabanwa nyuma kwa urembo wowote unaotaka, na jasmini pembeni ukipenda. Za mbele zilizoungua zitalala pamoja na wenzake, hakuna atakayezitambua ila wewe. Jaribu mara moja mwezi huu na mara moja mwezi ujao, ili siku yenyewe isiwe ya majaribio.

Kwa mama mkwe usiende kubishana mwenyewe, si adabu na haitasaidia. Una somo wako, yule kungwi wako, mtume. Somo akakae naye, amwambie kwamba binti ameamua kusukwa kwa uzi kama walivyosukwa mabibi harusi wa zamani, na amwombe yeye mama mkwe asimamie siku ya kufungua. Nawajua wakwe wa pwani. Aliyepewa heshima ya kusimamia jambo hana tena nafasi ya kulisema vibaya. Na msusi wako usimwache. Mpeleke kwenye lile bakuli jeupe, mwambie wewe ndiye mteja wake na bado unamtaka, ila kwa kazi ya mikono. Akikataa, hapo utafute mwingine.

Uzi nunua mweusi wa pamba, ule mzito. Wa nailoni unakata nywele, hasa zilizochoka kama zako. Na ukitoka Bombo niandikie daktari amesema nini kuhusu utosi, wako na wa mama.

Shangazi